Kumleta mke au mume Uingereza ukiwa unapokea mafao ya serikali: mwongozo kamili

Miongoni mwa Waswahili wanaoishi Uingereza imeenea imani kwamba mtu anayepokea mafao ya serikali hawezi kumdhamini mke wala mume kutoka nyumbani. Imani hiyo imewatenganisha watu kwa miaka. Mmoja yuko Leicester na maradhi yake, mwingine yuko Tanga au Mombasa, na kati yao ni simu na picha tu. Wapo ambao kweli sheria inawabana. Lakini wapo wengi, hasa wagonjwa, wenye ulemavu na wanaouguza jamaa zao, ambao sheria hiyohiyo inawapa masharti mepesi kuliko yale ya jirani yao aliye kazini, na hakuna aliyewaambia.

Swali la kuanza nalo ni fao gani unapokea. Jibu ndilo litakalokuonyesha njia ya kufuata, hesabu ya kupiga na karatasi za kukusanya. Viwango vyote vya pesa humu ni vya mwaka wa fedha wa 2025/26. Mafao na ada hubadilika karibu kila Aprili, kwa hiyo siku utakayojaza fomu weka tarakimu za siku hiyo.

Kwanza: je, wewe unaweza kuwa mdhamini?

Mdhamini anatakiwa awe raia wa Uingereza, au mwenye ukaazi wa kudumu (ukiwamo ule wa raia wa Ulaya, settled status), au mwenye hadhi ya ukimbizi. Nyote wawili muwe mmetimiza miaka 18.

Wakimbizi wasome hapa kwa makini, maana Wakongo na Warundi wengi wanaguswa. Zamani mkimbizi aliweza kumwita mke au mume aliyemwacha alipokimbia bila ada na bila sharti la kipato. Njia hiyo ilisimamishwa kwa maombi mapya tarehe 4 Septemba 2025. Tangu siku hiyo mkimbizi anaingia kwenye foleni moja na raia: viza ya mwenzi, yenye ada na masharti ya pesa. Basi yote yaliyomo hapa chini yanamhusu.

Pili: pauni 29,000, na wanaosamehewa

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini wa kawaida anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Kabla ya hapo, tangu Julai 2012, kiwango kilikuwa pauni 18,600, na wale walioingia kwenye njia hii kabla ya mabadiliko wanaendelea na kiwango cha zamani maadamu wako na mwenzi yuleyule. Universal Credit (fao kuu la wenye kipato kidogo), Housing Benefit (la pango) na Child Benefit (la watoto) hazihesabiki kabisa katika hizo pauni 29,000. Asiye na kipato chochote akitaka kutumia akiba peke yake, anahitaji pauni 88,500.

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kufunga ukurasa. Wangesoma mstari unaofuata wangekuta kwamba mdhamini anayepokea fao mojawapo kati ya yafuatayo hadaiwi pauni 29,000 hata kidogo:

- PIP (Personal Independence Payment), ya wagonjwa wa muda mrefu na wenye ulemavu, yenye sehemu mbili: maisha ya kila siku, na mwendo
- Disability Living Allowance (DLA)
- Attendance Allowance, ya wazee
- Carer's Allowance, ya anayemhudumia mgonjwa
- Industrial Injuries Disablement Benefit, ya walioumia kazini
- Severe Disablement Allowance
- malipo ya walioumia jeshini, na pensheni ya polisi aliyeumia kazini
- kwa wakazi wa Scotland, malipo yanayoshika nafasi ya hayo, kama Adult Disability Payment na Carer Support Payment

Fao moja tu linatosha, hata likiwa la kiwango cha chini. Badala ya pauni 29,000 utaulizwa swali jepesi zaidi: je, mtaweza kujikimu nyinyi wawili bila kuongezewa fedha za umma?

Sasa mitego, na ni mingi. Kuna wanaodhani kwamba kwa kuwa Universal Credit yao ina nyongeza ya ulezi, basi wamo kwenye orodha. Hawamo. Nyongeza ya ulezi iliyomo ndani ya Universal Credit si Carer's Allowance. Kama unamhudumia mtu saa 35 au zaidi kwa wiki na yeye anapokea PIP ya maisha ya kila siku au fao la aina hiyo, dai Carer's Allowance yenyewe. Ni kweli Universal Credit yako itapungua pauni kwa pauni, na mfukoni hutaona tofauti. Tofauti utaiona kwenye viza, maana karatasi hiyo moja inakutoa kwenye pauni 29,000.

Vivyo hivyo nyongeza ya Universal Credit kwa asiyeweza kufanya kazi, na fao la ESA, la wasioweza kufanya kazi kwa ugonjwa: hayamo. Mtu anaweza kuwa mgonjwa sana, ana barua za hospitali tele, na bado asisamehewe kwa sababu hakuwahi kuomba PIP. Aombe. PIP haiangalii akiba wala mshahara, inaangalia jinsi maradhi yanavyokuzuia kuishi siku yako.

Mama mwenye mtoto mlemavu anayepokea DLA ajue kwamba fao lile ni la mtoto. Yeye ataingia kwenye orodha kwa kudai Carer's Allowance kwa ajili ya kumlea mtoto huyo, kama DLA ya mtoto, katika sehemu yake ya uangalizi, ni ya kiwango cha kati au cha juu.

Na dai ambalo bado linajadiliwa halihesabiki. Siku unayotuma maombi, fao liwe linaingia benki. Kama umekataliwa PIP na umekata rufaa, subiri hukumu kwanza.

Tatu: piga hesabu kabla ya kulipa hata senti

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kipato chenu cha wiki baada ya kodi na bima ya taifa. Toa gharama ya nyumba, yaani kodi ya pango na council tax (kodi ya halmashauri). Kinachobaki kisipungue kiwango ambacho serikali ingewapa wanandoa wawili wasio na kitu kwa mujibu wa Income Support, fao la wasio na kipato cha kutosha: pauni 144.65 kwa wiki. Mkiwa na watoto mnaowalea, kila mtoto anaongeza kiwango hicho.

Kwenye upande wa kipato, mafao unayopokea kwa haki yako mwenyewe yanahesabika, Universal Credit ikiwemo. Mahakama ya Rufaa ilikwisha kuamua mwaka 2007, katika kesi ya familia ya Kisomali, kwamba fedha ya fao la ulemavu inaweza kutumika kuonyesha kwamba mwenzi atatunzwa. Hakuna sababu ya kuificha.

Tuseme Bi Zainabu anaishi Leicester katika nyumba ya shirika la makazi. Ana ugonjwa wa selimundu na hawezi kufanya kazi. Universal Credit inampa pauni 400.14 za msingi na pauni 423.27 za kutoweza kufanya kazi, jumla 823.41 kwa mwezi, na pango lote linalipwa juu yake. Zidisha kwa 12, gawanya kwa 52: pauni 190.02 kwa wiki. Ana PIP ya maisha ya kila siku ya kiwango cha kawaida, pauni 73.90. Jumla 263.92. Pango halimo katika hesabu, kwa sababu fedha yake ameitoa pande zote mbili. Council tax anayobaki kulipa ni kama pauni 6 kwa wiki. Anabaki na pauni 257.92, na anatakiwa 144.65. Amevuka kwa zaidi ya pauni 110, na mumewe aliye Zanzibar hajachangia chochote.

Mwingine, Juma wa Birmingham, anamhudumia mama yake anayeishi mtaa wa pili. Anapata Carer's Allowance ya pauni 83.30 na mshahara wa saa chache, pauni 190 kwa wiki baada ya makato. (Asivuke pauni 196, akivuka Carer's Allowance inakatika yote.) Jumla ni 273.30. Pango analipa mwenyewe, pauni 150, na council tax 25. Anabaki na 98.30. Amepungukiwa pauni 46.35 kila wiki, na akituma maombi hivyo atakataliwa na ada haitarudi.

Lakini Juma hajawahi kudai Universal Credit, akidhani kwamba aliye na kazi hana haki nayo. Kwa kipato chake, na kama pango lake liko ndani ya kikomo cha eneo lake, angeweza kupata karibu pauni 100 kwa wiki. Akiidai kwanza, ikaanza kuingia, hesabu yake inapita. Ndiyo maana nasema kila mdhamini apimwe mafao yake yote kabla ya kuanza. Ofisi za Citizens Advice zinafanya hivyo bure.

Njia nyingine ya kuziba pengo ni akiba. Katika hesabu hii akiba hugawanywa kwa idadi ya wiki za viza atakayopewa mwenzio (miezi 33), na jibu huongezwa kwenye kipato cha wiki. Kwa pengo la Juma ingehitajika akiba ya zaidi ya pauni 6,000.

Jambo moja linasahaulika: piga hesabu kwa hali itakavyokuwa mwenzio akishafika. Anayeishi peke yake hupunguziwa robo ya council tax, na punguzo hilo linaondoka siku mtu mzima wa pili anapohamia. Anayepata Pension Credit (fao la wazee wenye kipato kidogo) yenye nyongeza ya ulemavu mkubwa kwa sababu anaishi peke yake, nayo kwa kawaida inakatika. Toa fedha hizo kwenye hesabu tangu sasa. Afisa wa viza anaruhusiwa kuzitoa, na wewe mwenyewe utazikosa kwenye kabati la jikoni.

Kama fao lako halimo kwenye orodha

Anayepokea Universal Credit peke yake anarudi kwenye pauni 29,000. Mshahara wake unahesabika, Universal Credit haihesabiki. Pensheni ya serikali, fao la uzazi la Maternity Allowance na mafao ya mjane zinahesabika, kwa hiyo mzee mwenye pensheni mbili na kazi ndogo anaweza kufika. Mshahara wa mwenzio aliye Nairobi au Muscat hauhesabiki kwa maombi ya kutoka nje, hata awe bosi wa benki.

Ikishindikana, sheria imeacha nafasi kwa hali za kipekee. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya MM, ilisema kwamba sharti la kipato lenyewe ni halali, lakini maslahi ya watoto hayakuzingatiwa inavyopaswa na vyanzo vingine vya fedha vitazamwe. Sheria ikarekebishwa: kama kukataliwa kwa viza kutaleta madhara makali yasiyo ya haki kwa nyinyi au kwa mtoto, afisa anaweza kuangalia msaada wa uhakika wa ndugu, au kazi ya uhakika inayomsubiri mwenzio. Anayepita hapo huwekwa kwenye safari ya miaka 10 kufikia ukaazi wa kudumu badala ya 5. Njia hii usiiende peke yako, tafuta mwanasheria. Na yeyote atakayekuambia kwamba ni mwanasheria wa uhamiaji, tafuta jina lake kwenye daftari la Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji, ambayo hadi Januari 2025 iliitwa OISC, au kwenye daftari la mawakili. Asiye kwenye madaftari hayo usimpe hata nakala ya pasipoti, hata awe ni mtu wa kwenu.

Nne: nyumba

Nyumba ya halmashauri au ya shirika la makazi haina tatizo, kwa kuwa uliipata kwa haki yako. Kinachotazamwa ni msongamano. Chumba kimoja ni watu 2, vyumba viwili watu 3, vitatu watu 5, na sebule inahesabiwa kuwa chumba. Mtoto chini ya mwaka mmoja hahesabiwi, na wa mwaka 1 hadi 9 ni nusu mtu. Tafuta barua ya mwenye nyumba inayosema anajua na anakubali mwenzio ahamie, pamoja na mkataba. Shirika la makazi huchelewa kujibu, kwa hiyo andika mapema na uweke nakala ya barua pepe.

Tano: ndoa na uhusiano wa kweli

Cheti cha ndoa kiwe kinatambulika na serikali ya mahali ndoa ilipofungwa. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, kila ndoa inatakiwa kusajiliwa, iwe ya kiserikali, ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu au ya kimila. Karatasi ya shehe peke yake au picha za ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) hazitoshi. Tanzania Bara vyeti vinashughulikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Hati yoyote iliyoandikwa Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri, na tamko kwamba tafsiri ni sahihi. Usitafsiri mwenyewe.

Msiofunga ndoa mnaweza kuomba kama wapenzi wa muda mrefu, mkithibitisha uhusiano unaofanana na ndoa wa angalau miaka 2. Tangu mwanzoni mwa 2024 si lazima muwe mliishi nyumba moja kwa muda huo.

Ushahidi wa mapenzi usiwe gunia la picha za harusi. Afisa anataka kuona maisha: stempu za pasipoti, tiketi, taarifa ya M-Pesa ya mwenzio inayoonyesha pesa zako zikiingia mwezi baada ya mwezi, ujumbe wa kawaida wa kila siku uliochaguliwa kutoka miezi tofauti. Ujumbe wa kugombana juu ya karo ya mtoto una uzito kuliko mia za maua na mioyo. Kama ni Kiswahili, chagua kurasa chache na uzitafsiri.

Hapa wenye mafao wana shida ambayo wafanyakazi hawana: hawawezi kusafiri wanavyotaka. Ukienda nyumbani kuoa au kuolewa, Universal Credit inavumilia hadi mwezi mmoja nje ya nchi, Carer's Allowance wiki 4, PIP na Attendance Allowance wiki 13. Toa taarifa kabla ya kupanda ndege. Ukizidisha, fao linakatika, na likikatika siku ya maombi huna tena kile kilichokusamehe pauni 29,000. Eleza katika barua ya maombi kwa nini safari zako ni chache na fupi: maradhi, au mgonjwa unayemhudumia. Afisa akiona safari moja tu bila maelezo atajiuliza, akisoma maelezo ataelewa.

Sita: Kiingereza na kifua kikuu

Mwenzio afanye mtihani wa kuzungumza na kusikiliza, kiwango cha A1 (cha chini kabisa), kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Mkenya, Mtanzania na Mganda hawasamehewi kwa uraia wao, ingawa mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia baada ya kuithibitisha kwa UK ENIC, shirika linalokagua vyeti vya nje. Waliotimiza miaka 65 na wenye ulemavu unaozuia mtihani wanasamehewa.

Anayeishi Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji pia cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Nairobi na Dar es Salaam kazi hiyo inafanywa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Cheti kinadumu miezi 6, basi asipime mapema mno.

Saba: ada, na mtego wa akiba

Maombi ya kutoka nje ni pauni 1,938. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 inafika pauni 3,105. Hizo peke yake ni pauni 5,043, kabla ya mtihani, kliniki na tafsiri.

Kwa anayepokea Universal Credit, kukusanya fedha hizo kuna hatari. Akiba ikizidi pauni 6,000, kila pauni 250 za juu yake hupunguza fao kwa pauni 4.35 kwa mwezi. Ikizidi pauni 16,000 fao linakatika kabisa. Pesa ya mchango wa ndugu ikilala kwenye akaunti yako ni yako machoni pa DWP, idara ya serikali inayolipa mafao. Kama jamaa wanachanga, ni salama zaidi kila mmoja ashike lake hadi siku ya kulipa, au walipe moja kwa moja. Na usimwekee mtu pesa ya harusi yake kwenye akaunti yako.

Upo msamaha wa ada kwa wasioweza kulipa, hata kwa maombi ya kutoka nje, lakini hutazama fedha zenu nyote wawili hadi senti ya mwisho. Panga maelezo yako vizuri: unaweza kuwa na cha kutosha kujikimu kila wiki na bado usiwe na pauni 5,000 kwa mkupuo. Mambo hayo mawili hayapingani, ila lazima uyaeleze.

Nane: karatasi za fedha

Kwa fao linalokusamehe, sheria inataka vitu viwili: hati rasmi ya DWP (au ya mlipaji mwingine) inayoonyesha kwamba una haki ya fao hilo sasa na kiasi chake, na angalau taarifa moja ya benki ya miezi 12 iliyopita inayoonyesha likiingia.

Chukua barua yako ya PIP uitazame vizuri. Ukurasa wa mbele una jina lako, namba ya bima ya taifa, na sanduku linalosema maisha ya kila siku kiasi gani, mwendo kiasi gani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo afisa atakayoiona kwanza. Kama imebaki miezi mitatu, au kama barua ni ya miaka miwili iliyopita yenye viwango vya zamani, piga simu DWP uombe barua mpya ya uthibitisho. Jina liwe sawa na la pasipoti. Kama barua inasema Fatma na pasipoti inasema Fatuma, weka maelezo na hati ya kuunganisha. Kisha kwenye taarifa ya benki weka alama kwenye mstari wenye malipo ya DWP, ili kiasi kilingane na barua na afisa asitafute.

Kwa kipato kingine weka hati za malipo na taarifa za benki za miezi 6, na kwa Universal Credit pakua kurasa za malipo ya kila mwezi kutoka kwenye akaunti yako ya mtandaoni, zile zenye mchanganuo wote. Mwisho, andika ukurasa mmoja wa hesabu kama ile ya Bi Zainabu: kipato, gharama ya nyumba, kinachobaki, kinachotakiwa, na pembeni ya kila tarakimu jina la hati inayoithibitisha. Ukurasa huo ndio kazi bora utakayoifanya katika maombi yote. Usimwachie afisa akupigie hesabu.

Tisa: kutuma

Fomu inajazwa na mwenzio, mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Penye swali kama mdhamini anapokea fao mojawapo, jibuni ndiyo na mchague jina lake. Jibu la haraka la "hapana" hapo huleta maswali ya mshahara wa pauni 29,000, na maombi yote yanapinda. Baada ya kulipa, mnapakia hati, kisha yeye anakwenda kituo cha maombi kutoa alama za vidole na picha. Muda wa kawaida wa majibu ni wiki 12.

Wakikataa, barua itasema kama ana haki ya kukata rufaa, na kwa aliye nje ni siku 28 tangu kupokea uamuzi. Soma sababu kwa utulivu. Kama ni karatasi iliyokosekana, mara nyingi maombi mapya ni ya haraka kuliko mahakama. Kama afisa amekosea sheria, kwa mfano amekudai pauni 29,000 ilhali una PIP, kata rufaa.

Kumi: akishafika

Viza yake itasema haruhusiwi fedha za umma. Hospitali anatibiwa, maana amelipia ada ya afya. Kazi anaruhusiwa tangu siku ya kwanza. Mafao ndiyo asiyoweza kudai.

Wewe toa taarifa mara moja: kwa DWP kupitia jarida lako la Universal Credit, na kwa halmashauri kuhusu council tax. Sema wazi kwamba mwenzio yuko chini ya udhibiti wa uhamiaji. Universal Credit itaendelea kukulipa kiwango cha mtu mmoja, lakini mshahara na akiba yake vitahesabiwa, na kwa kila pauni anayopata kazini, fao linapungua senti 55 baada ya kiasi chochote mnachoruhusiwa. PIP na Carer's Allowance yako haziguswi na ujio wake. Wakikulipa kwa makosa kiwango cha wanandoa, waandikie mara moja na usitumie ziada hiyo. Ndiyo inayoweza kuhesabiwa kwamba yeye amepokea fedha za umma.

Na kama ndani ya nyumba yatatokea mateso, aliyekuja kwa viza hii hafungwi nayo. Mwenye viza ya mwenzi aliyeonewa anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 yenye haki ya mafao, na kuomba ukaazi wa kudumu kwa nafsi yake. Kila mke au mume anayekuja alijue hilo kabla hajapanda ndege.

Kabla miezi 33 haijaisha ataomba kuongezewa miezi 30, kwa pauni 1,321 na ada ya afya ya pauni 2,587.50, na Kiingereza cha A2. Hesabu ya fedha inapigwa upya, na safari hii mshahara wake wa Uingereza unahesabika. Kama PIP yako inapitiwa upya karibu na tarehe hiyo, jaza fomu ya DWP mapema na uweke ushahidi mpya wa hospitali. Ukiipoteza PIP wiki chache kabla ya maombi, mtarudi kwenye pauni 29,000, na hapo mshahara wake ndio utakaobeba mzigo. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza afanye kazi ya halali yenye hati za malipo, zinazolingana na benki, hata ikiwa ni saa chache.

Miaka 5 ikitimia anaomba ukaazi wa kudumu: pauni 3,029, Kiingereza cha B1, na mtihani wa Life in the UK. Akishaupata, sharti la fedha za umma linaondoka, na Universal Credit inaweza kudaiwa kwa majina yenu mawili.